Mawimbi ya Ghuba ya Winam: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Dhana: Maji ya Ziwa Victoria yanakula ufuo wa Dunga, karibu na Kisumu, kwa hiyo upepo wa siku hizi ni mkali kuliko wa zamani.

Mshukiwa wa kwanza awe kimo cha ziwa. Mei 2020 kipimo cha kimo cha ziwa kilichoko Jinja, Uganda, kilifika mita 13.42 na kuipita rekodi ya 1964. Wimbi huvunjika likifikia takriban asilimia 80 ya kina cha maji. Palipokuwa na nusu mita ya maji, wimbi la zaidi ya sentimita 40 lilivunjika kabla ya kupita. Ziwa likipanda mita moja, hapo hapo linapita wimbi la zaidi ya mita moja, na upepo haujaongezeka hata kidogo.

Dhana: Mawimbi hayawezi kukua miaka ikienda bila upepo kuongeza kasi.

Hapa ndipo wengi hukosea. Mambo matatu hulikuza wimbi: kasi ya upepo, saa unazovuma mfululizo, na umbali unaosafiri juu ya maji. Chukua upepo wa mita 10 kwa sekunde, yaani kilomita 36 kwa saa, kwenye maji marefu. Ukivuka kilomita 5 unainua wimbi la sentimita 35 hivi. Ukivuka kilomita 50, kama mita moja, mradi uvume zaidi ya saa tano. Ghuba yetu ni nyembamba na imelala magharibi kwenda mashariki, Kisumu ikiwa kwenye ncha. Upepo ukigeuka kutoka kusini ukaja wa magharibi, unasafiri umbali mrefu zaidi juu ya maji, na kasi ile ile inatosha kuyachafua. Kwa vile ghuba haina kina, mawimbi yake ni mafupi na yamesimama wima, ndiyo maana mashua hujaa maji upesi.

Dhana: Mwezi mpevu ndio unaoleta mawimbi.

Mwezi huleta kujaa na kupwa kwa maji, si mawimbi, na hayo huonekana baharini, kama Mombasa. Huku ziwani, kujaa na kupwa ni sentimita chache tu.

Dhana: Misimu miwili mibaya inatosha kuthibitisha mabadiliko.

Wastani wa hali ya hewa hupimwa kwa miaka 30. Linganisha Julai na Julai, alasiri na alasiri, kwa sababu upepo wa ziwani huvuma mchana na wa nchi kavu usiku. Usiishie kwenye wastani. Hesabu pia siku za upepo mkali, maana ndizo zinazozamisha mashua. Kisha kagua kituo chenyewe: kipimaupepo hukaa mita 10 juu, mahali pa wazi. Miti ikikua kando yake, rekodi itaonyesha upepo umepungua ilhali ziwani unavuma vile vile.