Pigo la leza halifuti tu usumaku

Kila mgeni anayechungulia hadubini yetu, tunapogeuza upande wa sumaku kwa leza ili kuandika data, husema lile lile: "Joto si huua sumaku? Sasa hiyo leza itaandikaje?" Wiki hii nimelisikia mara tatu, na wa tatu alikuwa mhandisi.

Ni kweli, ukipasha sumaku polepole hadi ipite joto la Curie, yaani kiwango ambacho sumaku haiwezi kukistahimili, usumaku hutoweka, na ikipoa hujipanga ovyo. Ndivyo tulivyofundishwa sekondari, na wengi walikomea hapo. Lakini mwaka 1996, huko Strasbourg, Ufaransa, mwanafizikia Beaurepaire na wenzake waliupiga utando wa nikeli kwa mapigo ya leza ya femtosekunde 60, na usumaku ukaporomoka ndani ya pikosekunde moja (sehemu moja ya trilioni ya sekunde; femtosekunde ni ndogo mara elfu zaidi). Kwa muda mfupi hivyo elektroni zinatokota huku atomi zenyewe bado zimepoa. Ukisema "joto" tu, hujaniambia joto la nani.

Sasa chukua utando wa metali tatu: gadolini, chuma na kobalti. Spini za gadolini, yaani sumaku ndogondogo za atomi zake, zinaelekea huku, za chuma kule. Pigo likitua, chuma hupoteza usumaku upesi, gadolini hujikokota. Vipimo vya eksirei vilivyochapishwa 2011 vilionyesha chuma kikivuka sifuri na kugeuka ndani ya femtosekunde 300 hivi, gadolini ikafuata baada ya pikosekunde 1.5. Katikati hapo zote mbili zinatazama upande mmoja, jambo ambalo zikiwa zimetulia hazikubali kamwe! Gadolini inapoendelea kupungua hukikabidhi chuma momenta yake ya mzunguko (kiasi cha mzunguko kilichobebwa na spini), chuma kikakua upande mpya, kisha gadolini nayo ikalazimika kugeuka. Mwaka 2012 ikathibitika kwamba pigo la polaraizesheni ya mstari, yaani mwanga unaotikisika upande mmoja tu bila kuzunguka, linatosha bila uga wowote wa sumaku wa nje. Yaani joto lenyewe ndilo lililogeuza, mradi liingie ghafla.

Pigo la pili huurudisha usumaku ulipoanzia. Ndiyo maana nawasihi wanafunzi mpaka wananichoka: anzeni na pigo moja, tazameni, ndipo mpige jingine. Kuna aliyepiga mapigo 200, hakuona doa la usumaku uliogeuka, akaandika "imeshindikana". Jamani, 200 ni shufwa.

Wengine hushikilia kwamba mwanga lazima uwe wa mviringo, yaani polaraizesheni yake izunguke, kwa sababu jaribio la Nijmegen, Uholanzi, la 2007 liliutumia. Lakini katika utando huu, mviringo wa kulia na wa kushoto hufyonzwa kwa viwango vinavyotofautiana kidogo, basi katika ukanda mwembamba wa nishati mmoja huvuka kizingiti cha kugeuza na mwingine hubaki nyuma. Tabaka za kobalti na platini ni habari nyingine: huko mviringo una kazi yake, na kwa kawaida hudai mapigo mengi.

"Leza kali hivyo si itachoma utando?" Tunazungumzia milijuli chache kwa sentimita ya mraba. Ukizidisha, katikati ya doa hutokea madoamadoa ya kila upande, kwa kuwa hapo kweli umefuta. Punguza nishati, usiniletee sampuli nyingine.

Halafu kuna wanaosema teknolojia hii tayari inauzwa kwenye diski za kuhifadhia data zinazopashwa kwa leza. Katika diski hizo leza hulainisha tu usumaku, na uga wa sumaku wa kichwa cha kuandikia ndio unaogeuza. Kwetu kichwa hicho hakipo kabisa.