Mtoto Kazaliwa Salama, Ila Mama Bado: Mambo ya Kuangalia Ndani ya Arobaini

Nyumba nyingi kwetu mtoto akishatoka tu basi, vigelegele, simu zinapigwa, na kila anayekuja kuona anauliza mtoto, kafanana na nani, ana kilo ngapi, ananyonya? Mama yake yuko pale pale kitandani kajifunika kanga na hakuna hata mmoja aliyemuuliza kama leo kaenda haja ndogo. Sisi wakunga hilo la haja ndogo ndo tunaloanza nalo, na sababu naieleza hapa chini.

Siku 42 baada ya kujifungua ni sehemu ya uzazi kama ilivyo ile miezi tisa. Shida ni kwamba kipindi cha ujauzito mtu anahudhuria kliniki vizuri kabisa, kadi imejaa, dawa za kuongeza damu kameza, sindano ya pepopunda kachoma, halafu akishajifungua humuoni tena mpaka mtoto afike wiki ya 6 aje chanjo, na hapo anayepimwa ni mtoto. Nchi yetu Tanzania imepiga hatua, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha vifo vya uzazi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, wakati ule wa 2015/16 vilikuwa 556. Lakini duniani kote vifo vingi vya uzazi vinatokea mama akiwa ameshajifungua tayari, na masaa 24 ya kwanza ndo yenye hatari kuliko yote. Kwa hiyo ukiambiwa kaa wodini angalau siku nzima usianze kuomba ruhusa eti nyumbani wanakusubiri na supu, supu italetwa.

Sasa haja ndogo. Mfuko wa uzazi ukishatoa mtoto na kondo la nyuma unatakiwa ujikaze, ukijikaza ndo mishipa inajibana na damu inapungua. Kibofu kikijaa mkojo kinausukuma na kuuzuia kujikaza, na mfuko uliolegea unavuja. Anayemhudumia mama aguse chini kidogo ya kitovu, asikie kitu kigumu kama mpira. Akikuta pamelegea teketeke na damu inakuja nyingi, amsaidie mama akojoe, amweke mtoto kwenye ziwa maana kunyonya kunausaidia mfuko kujikaza, asugue pale juu kwa kiganja kwa kuzungusha, na huku mtu mwingine keshapiga simu. Asisubiri aone kwanza.

Damu ya kawaida inakuwa nyekundu siku za mwanzo, inakuja kuwa ya kahawia, inaishia majimaji meupe. Pedi ikilowa chapachapa ndani ya saa moja au mabonge makubwa yanatoka, hiyo ni dharura. Kuna maneno nayasikia sana, "hiyo damu chafu, iache itoke yote." Jamani hakuna damu chafu iliyohifadhiwa humo ndani, hiyo inayotoka ni damu yake ya mwilini na ikiisha imeisha. Na aliyeanza uzazi akiwa na upungufu wa damu hata akivuja kidogo tu anazidiwa, ndo maana tunawasumbua na zile Fefo, vile vidonge vya kuongeza damu. Meza na maji au juisi ya chungwa, chai ya rangi na kahawa uziweke mbali kama saa moja au mbili maana zinazuia madini ya chuma kufyonzwa, choo kikiwa cheusi usiogope, na baada ya kujifungua endelea nazo kama ulivyoelekezwa. Na wale wa kutafuna udongo wa pemba, najua hamu ni kali, lakini njoo upimwe damu kwanza, mara nyingi hiyo hamu inaendana na upungufu wa damu, na udongo wenyewe unaweza kukuletea minyoo.

Presha nayo watu wanadhani inaisha mtoto akitoka. Kweli wengi inashuka, lakini kifafa cha mimba kinaweza kumpata mama akiwa nyumbani kabisa, hasa siku mbili tatu za mwanzo, na hatari inaweza kwenda mpaka wiki ya 6, hata kwa ambaye kliniki hakuwahi kuambiwa ana presha. Kichwa kinauma sana na panadol haisaidii, anaona maluweluwe, chembe ya moyo inabana, uso umevimba. Hapo ndo utasikia ni uchovu, ni jicho la mtu, ni mashetani ya ukoo, anaitwa mganga wa kienyeji kabla ya daktari. Presha ikisoma 140/90 au zaidi ni ya kufuatiliwa, ikifika 160 kwa 110 ni ya kukimbia muda huo huo. Akianza degedege mlaze ubavu, usimuweke kijiko mdomoni, mkimbize hospitali, kuna sindano ya magnesiamu salfeti inayozuia kifafa hicho na inaokoa.

Homa ndani ya arobaini isikupeleke duka la dawa kununua dawa mseto. Inaweza kuwa malaria ndiyo, lakini inaweza kuwa maambukizi ya kizazi, ya kidonda cha operesheni au ziwa limeanza jipu, na malaria inapimwa kwa dakika chache tu, haibahatishwi. Uchafu wa ukeni ukiwa na harufu mbaya na tumbo linauma chini, njoo leo, usingoje Jumatatu.

Kuhusu kukandwa najua hapa nitagombana na mama wakwe. Maji ya uvuguvugu ya kuoga hayana neno, mama anachangamka. Lakini maji yanayochemka kumwagiwa tumboni au kukalishwa juu ya beseni wakati ana mshono, hapana, tunapokea watu wameungua na nyuzi zimefumuka. Mshono unaoshwa kwa maji safi na kukaushwa, basi. Na ile kulazwa ndani siku arobaini bila kutembea si nzuri, damu inaweza kuganda kwenye mguu, kwa hiyo azunguke hata ukumbini. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au akaanza kubanwa pumzi ghafla, hilo si la kukandwa.

Kulia lia siku za mwanzo bila sababu ni kawaida na kunapita. Kukizidi wiki mbili, halali hata mtoto akilala, hataki kumshika mtoto, anasema bora asingekuwepo, huyo anaumwa na matibabu yapo. Akianza kusikia sauti au kuongea mambo yasiyoeleweka usimwache peke yake na mtoto hata kidogo, mlete siku hiyo hiyo.

Halafu kuna hili la kubemenda. Baba anaambiwa akimsogelea mama mtoto atadhoofika, basi anatafuta pa kwenda. Mtoto hadhoofiki kwa wazazi wake kulala pamoja, anadhoofika kwa kutokula vizuri na kuumwa umwa. Subirini damu ikate, vidonda vipone na mama mwenyewe awe tayari, wengi ni kama wiki 6. Anachokileta baba kutoka nje ndo hatari, kwa sababu mama akipata VVU vipya wakati ananyonyesha uwezekano wa kumwambukiza mtoto unakuwa mkubwa sana. Na mimba inaweza kuingia kabla hedhi haijarudi, kwa hiyo uzazi wa mpango muuzungumze mapema.

Kichanga nitagusia tu. Maziwa ya mama peke yake miezi 6, hata maji hapana, kitovu hakipakwi majivu wala mavi ya ng'ombe wala mafuta. Akigoma kunyonya, akawa wa moto au wa baridi kuliko kawaida, anahema haraka haraka, au amekuwa wa njano mpaka viganjani, mpeleke.

Mahudhurio ya mama ni ndani ya masaa 48, kati ya siku ya 3 na 7, kabla ya siku 28 na kabla ya siku 42, na uje hata kama unajisikia mzima. Kina baba mliosoma mpaka hapa, wekeni 115 kwenye simu, haikatwi hela, ndo namba ya m-mama ya usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na vichanga. Ukipiga taja kijiji au mtaa, sema amejifungua lini na ana dalili gani, na kadi ya kliniki iwe mahali ambapo hata jirani anaweza kuichukua.