Kimeng'enya si mdudu

Maduka ya pembejeo hapa Moshi yanauza unga wa kutia kwenye mashimo ya choo. Ukimuuliza muuzaji unafanyaje kazi, jibu ni lile lile: "Humu kuna vimeng'enya, dada. Ukishawamwaga wanazaana, wanakula uchafu wote." Nimelisikia dukani, nimelisikia kwenye kikao cha mtaa, na sasa nimelisikia redioni kutoka kwa mtu aliyealikwa kutufafanulia utafiti wa maabara. Hapo ndipo niliposhindwa kunyamaza.

Kimeng'enya, au enzaimu kama wanavyosema wengi wa maabara, ni kitu kinachoharakisha badiliko la kikemia bila chenyewe kwisha. Karibu vyote ni protini. Hutengenezwa na viumbe hai, kuanzia binadamu na mgomba hadi kuvu na bakteria, na kila kimoja kina kazi yake: amilesi hukata wanga, protiesi hukata protini, lipesi hukata mafuta. Lakini chenyewe hakina uhai. Hakili, hakizai, hakiongezeki.

Wanasayansi wenyewe walivutana juu ya jambo hili muda mrefu. Mwaka 1833 Wafaransa wawili, Payen na Persoz, walitoa kwenye kimea cha shayiri kitu kinachogeuza wanga kuwa sukari. Kimea tunakifahamu vizuri Uchaggani: ulezi wa mbege, pombe yetu ya ndizi, huoteshwa kwanza, ukaanikwa, ndipo ukasagwa, na punje inapoota ndipo inapotengeneza vimeng'enya vya kukata wanga wake. Kinachochachusha pombe yenyewe ni hamira, na hamira ni kiumbe hai. Kwa hiyo Louis Pasteur alishikilia kwamba bila chembe hai hakuna kuchacha. Alifariki mwaka 1895. Miaka miwili baadaye Mjerumani Eduard Buchner alisaga hamira kwa mchanga hadi chembe zikapasuka, akaikamua, akachuja maji yake, akayachanganya na sukari. Hamira hai haikuwamo tena, na bado sukari ikachacha. Kazi hiyo ilimpatia tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1907. Bado watu walibishana kimeng'enya ni kitu gani hasa, mpaka mwaka 1926 Mmarekani James Sumner alipopata fuwele za kimeng'enya kiitwacho yurisi kutoka kwenye jamii ya maharage na kuonyesha kuwa ni protini.

Anayetaka kuliona hili kwa macho yake aombe kuoneshwa sahani ya maabara iliyotiwa maziwa yasiyo na mafuta. Chakula cha bakteria kilichogandishwa mle huwa cheupe, hakipitishi mwanga. Unapanda bakteria wa udongoni, tuseme jamii ya Bacillus, unawaacha mahali pa joto usiku kucha. Kesho yake kila kundi la bakteria limezungukwa na duara angavu, na duara hilo ni pana kuliko kundi lenyewe. Weka jicho kwenye ukingo: pale maziwa yamekwisha kukatwa, na bakteria hawajafika. Kilichofika ni protiesi waliyoitoa nje ya miili yao. Mtafiti anayesema "tumezalisha vimeng'enya kwa bakteria" anazungumzia kitu hicho kilichotoka. Bakteria huchujwa wakatupwa. Yale maji yaliyobaki ndiyo mali.

Na mali hiyo hustahimili mahali ambapo mzazi wake hawezi kuishi. Amilesi ya Bacillus licheniformis hufanya kazi viwandani kwenye joto la zaidi ya nyuzi 90, ambapo bakteria anayekua angekuwa amekufa. Protiesi za Bacillus zimo kwenye sabuni nyingi za unga, na hakuna anayefua nguo kwa bakteria hai.

Ukilichanganya hili, utafiti wa nano, yaani wa vitu vidogo mno, nao hauwezi kukuingia. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita, na chembe za nano huhesabiwa kati ya nanomita 1 na 100. Bakteria kwa kawaida ana urefu wa nanomita elfu na zaidi, kwa hiyo hakuna namna ya kumbandika juu ya chembe ya nano. Kimeng'enya kinabandikwa, kwa sababu vingi vina nanomita chache tu. Ndiyo maana watafiti huweza kukishikiza lakesi, kile kinachovunja rangi za viwanda vya nguo, kwenye chembe za oksidi ya chuma, wakakitia kwenye maji machafu, kisha wakakivuta kwa sumaku na kukitumia tena.

Wenzetu wa Arusha nao huuliza kwa nini wasiletewe vimeng'enya vya kula floridi, ile inayotia meno rangi ya kahawia, iliyomo kwenye maji ya Mlima Meru. Floridi haina cha kukatwa. Si molekuli kubwa kama wanga au rangi. Ni ayoni, yaani atomu yenye chaji ya umeme, ya elementi moja tu, na huwezi kuivunja ikawa kitu kingine. Njia ni kuinasa, kama mkaa wa mifupa unavyofanya kwenye kituo cha kuondoa floridi cha Ngurdoto, Arusha, au kama vichujio vya nano vinavyofanya, hadi maji yashuke chini ya miligramu 1.5 kwa lita ambazo Shirika la Afya Duniani linashauri.

Turudi kwa muuzaji wetu. Hajadanganya, amechanganya. Pakiti nyingi za aina ile zina spora za bakteria, yaani bakteria waliolala ndani ya ganda gumu, pamoja na vimeng'enya. Spora zikipata unyevu zitaamka na bakteria watazaana. Vimeng'enya vilivyokuja na pakiti vitafanya kazi hadi viharibike, na haviongezeki hata kimoja. Vipya vitatoka kwa bakteria hao. Kwa hiyo, ndugu yangu, ukinunua uliza mna bakteria, mna vimeng'enya, au mna vyote viwili. Na ukishamwaga, usimimine klorini ya kusafishia choo, maana itawaua bakteria na kuviharibu vimeng'enya.