Je, Nebraska Irudie Mashambulizi ya Opsheni? Dhana Potofu na Ukweli

Timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Nebraska, yenye makao yake mjini Lincoln, ilitwaa ubingwa wa taifa wa vyuo katika misimu ya 1994, 1995 na 1997, ubingwa huo wa mwisho ikigawana na Michigan. Tangu hapo haijautwaa tena, na kila msimu unapoharibika mashabiki hudai lilelile: turudi kwenye opsheni. Kwa msomaji asiyeufuatilia mchezo huu, opsheni ni mtindo wa kushambulia kwa kukimbia na mpira badala ya kuurusha. Kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi, haamui mapema nani ataubeba mpira. Timu humwacha kwa makusudi mlinzi mmoja bila kumzuia, kwotabeki humtazama anaelekea wapi, kisha ama humkabidhi mpira mkimbiaji wa kati, ama hukimbia nao mwenyewe, ama humtupia mwenzake aliye pembeni. Mlinzi huyo akimfuata yeyote kati yao, mwingine anabaki huru. Mimi ni miongoni mwa wanaoupenda mtindo huu, lakini hoja nyingi zinazotolewa kuutetea, na nyingi zinazotolewa kuupinga, hazisimami zikipimwa kwa historia ya timu yenyewe.

Dhana: Opsheni ndiyo asili ya Nebraska tangu zamani.

Kocha Bob Devaney aliipa Nebraska ubingwa wa taifa mwaka 1970 na tena 1971 kwa mashambulizi yaliyochanganya kukimbia na kurusha, kwotabeki wake akiwa Jerry Tagge na nyota wake akiwa Johnny Rodgers, mdakaji mpira aliyeshinda mwaka 1972 tuzo ya Heisman, ambayo hupewa mchezaji bora wa mwaka wa vyuo. Aliyeyabuni mashambulizi hayo alikuwa msaidizi wake, Tom Osborne, yuleyule ambaye leo jina lake halitenganishwi na opsheni. Osborne alipokuwa kocha mkuu mwaka 1973 aliendelea na mtindo huohuo, na akafungwa na mahasimu wao wa Oklahoma miaka mitano mfululizo, kuanzia 1973 hadi 1977. Oklahoma ya Barry Switzer ndiyo iliyokuwa ikicheza opsheni. Osborne aliingiza silaha ya mpinzani katika mchezo wake hatua kwa hatua, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 ambapo kwotabeki Turner Gill aliifanya ing'ae; kikosi cha 1983 kilifunga wastani wa pointi 52 kwa mchezo katika msimu wa kawaida. Kwa hiyo kinachoitwa mila kilianza kama mageuzi ya kocha aliyechoka kufungwa, na anayetaka kumwiga Osborne kwa dhati angepaswa kuiga kwanza utayari wake wa kuacha alichokizoea.

Dhana: Mtindo huo peke yake ndio ulioleta makombe.

Hapa ndipo mjadala unapopotoka zaidi. Kuanzia msimu wa 1987 hadi ule wa 1993, Nebraska ilicheza opsheni ileile, chini ya kocha yuleyule, ikapoteza michezo saba mfululizo ya kufungia msimu, mingi kati yake dhidi ya Florida State na Miami, timu za Florida zilizojaa wachezaji wenye kasi. Kilichobadilika kabla ya ubingwa wa 1994 ni ulinzi zaidi kuliko mashambulizi: Osborne na wasaidizi wake waliupanga upya wakaanza kutafuta walinzi wepesi, hata kama ni wafupi au wembamba kuliko waliokuwa wakipendelewa awali. Mchezo wa Fiesta Bowl wa Januari 1996, uliofungia msimu wa 1995, ambao kila mtetezi wa opsheni huutaja, unaonyesha jambo hilo waziwazi. Nebraska iliifunga timu ya Chuo Kikuu cha Florida 62 kwa 24, ikakimbia yadi 524, na kwotabeki wake Tommie Frazier peke yake akakimbia yadi 199, ikiwemo mbio moja ya yadi 75 ambayo walinzi walimkamata mara kadhaa bila kumwangusha. Mbio hiyo hurudiwa kutazamwa hadi leo. Linalosahaulika ni kwamba siku hiyo ulinzi wa Nebraska uliibana Florida hata jumla ya yadi zake za kukimbia ikawa chini ya sifuri, yaani wakimbiaji wake walirudishwa nyuma zaidi ya walivyosonga mbele.

Nyuma ya yote hayo kulikuwa na kazi isiyoonekana uwanjani. Boyd Epley alianza kuendesha mazoezi ya vyuma hapo Lincoln mwaka 1969, wakati makocha wengi nchini Marekani bado waliamini kwamba kunyanyua uzito humfanya mchezaji awe mzito na mwenye mwili uliokakamaa. Vijana wa mashambani na miji midogo ya Nebraska walijiunga na timu kwa wingi bila ufadhili wa masomo, wakakaa miaka minne au mitano wakijifunza, na baadhi yao wakaishia kuwa nguzo za safu ya mbele, yaani wachezaji wanaowazuia wapinzani ili mbeba mpira apate njia. Opsheni hudai ustadi wa namna hiyo, kwa sababu uamuzi wa kwotabeki hufanywa ndani ya sekunde moja, na wachezaji wa safu ya mbele hulazimika kuzuia kwa pembe na mpangilio usiofundishika kwa msimu mmoja.

Dhana: Timu ilianguka kwa sababu iliiacha opsheni.

Ni kweli kwamba Bill Callahan, aliyechukua timu mwaka 2004 na kuleta mtindo wa kurusha, alimaliza msimu wake wa kwanza kwa ushindi 5 na vipigo 6, na huo ukawa msimu wa kwanza wenye vipigo vingi kuliko ushindi tangu 1961. Hata hivyo nyufa zilionekana mapema. Frank Solich, mrithi wa Osborne, alicheza opsheni na kwotabeki wake Eric Crouch akashinda tuzo ya Heisman mwaka 2001, lakini mwishoni mwa msimu huohuo Colorado iliifunga Nebraska 62 kwa 36, na mwaka 2002 timu ikamaliza kwa ushindi 7 na vipigo 7. Bo Pelini, kwa upande wake, alishinda michezo tisa au zaidi kila msimu kuanzia 2008 hadi 2014 bila kuirudisha opsheni ya Osborne. Bado akafukuzwa, kama Solich alivyofukuzwa mwaka 2003 baada ya msimu wa kawaida wa ushindi 9 na vipigo 3. Ubaya wa uamuzi wa 2003 nauona hapo: uongozi uliubomoa utaratibu mzima pamoja na kocha.

Dhana: Scott Frost alishajaribu kuirudisha, ikashindikana.

Frost alikuwa kwotabeki wa kikosi cha 1997, na aliporudi kama kocha mwaka 2018 wengi walidhani amerudi na mchezo wa ujana wake. Alichokuja nacho ni mashambulizi ya kasi aliyoyajua katika Chuo Kikuu cha Oregon na kuyatumia katika kile cha Central Florida, ambako timu yake haikupoteza mchezo hata mmoja mwaka 2017. Rekodi yake Nebraska, ushindi 16 na vipigo 31, haithibitishi lolote kuhusu opsheni ya zamani, kwa kuwa haikuchezwa.

Dhana: Opsheni imekufa.

Timu ya chuo cha kijeshi cha Army, chini ya kocha Jeff Monken, iliamua mwaka 2023 kusogea mbali na opsheni yake ya asili. Sababu mojawapo ilikuwa kanuni mpya ya 2022 iliyobana sana ruhusa ya kuzuia wapinzani chini ya kiuno, mbinu iliyokuwa mhimili wa mtindo huo. Ilimaliza kwa ushindi 6 na vipigo 6. Mwaka 2024 ikarudi kwa kiasi kikubwa kwenye mtindo wake, ikakimbia takribani yadi 300 kwa mchezo, ikashinda michezo 12, idadi ambayo haijawahi kufikiwa katika historia yake, na kutwaa ubingwa wake wa kwanza wa kundi la vyuo inalochezea kwa kuifunga Tulane 35 kwa 14. Lakini Notre Dame, yenye wachezaji wakubwa na wenye kasi pia, iliifunga 49 kwa 14.

Army iliweza kurudi kwa sababu mazingira yake hayakuwa yamebadilika sana. Wanafunzi wake wana wajibu wa kulitumikia jeshi, wengi hubaki hadi wahitimu, na ni wachache wanaoutazama mchezo huu kama njia ya kufikia ligi ya kulipwa ya NFL. Nebraska iko kwenye soko jingine kabisa. Tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama chuo na kucheza mara moja, na analipwa kwa matumizi ya jina na sura yake. Kwotabeki kijana anajua pia kwamba Frost alichukuliwa na NFL kama mlinzi wa nyuma, na Crouch, pamoja na Heisman yake, kama mdakaji mpira. Kumwomba asubiri miaka mitatu akijifunza kazi ambayo hataifanya tena baada ya chuo ni ombi ambalo Osborne hakulazimika kulitoa kwa masharti magumu kiasi hiki. Kwa maoni yangu, Nebraska ingefaidika zaidi kwa kuirudisha kwanza safu ya mbele inayolelewa nyumbani, kisha kuongeza mbinu chache za opsheni kwa ajili ya yadi za mwisho karibu na goli.