Eni-eni siyo kipimo, mafundi wenzangu

“Mkuu, weka eni-eni pale juu tuone kama itapita.” Nimeisikia Mtumba, nimeisikia Kisasa, nimeisikia kwa simu kutoka Manyoni, na wiki hii nimeisikia tena kwa kijana wa TEHAMA ambaye kazi yake naikubali kabisa. Kwaiyo leo naandika kwa urefu, maana kwenye simu huwa hatufiki mwisho, mara bosi wake anamwita, mara mtandao wenyewe unakata.

Imani iko hivi. Mfumo umegoma kupita kwenye fayawoli (kifaa kinachoamua kipi kipite kwenye mtandao na kipi kizuiwe), unafungua konsoli (ukurasa wake wa mipangilio), unaunda sheria ya chanzo chochote kwenda popote kwa huduma yoyote (hiyo ndiyo eni-eni, yani “any-any”), unaiburuta mpaka juu kabisa, unajaribu. Ikipita, basi fayawoli ndiyo ilikuwa inazuia. Isipopita, fayawoli haihusiki, wapigiwe watu wa intaneti. Majibu yote mawili hayasimami, yani yote mawili, na kinachoniuma ni kwamba watu wanaandika ripoti kwa mabosi kwa kutegemea hayo.

Tuanze na ikipita. Ukiunda sheria mpya kwenye FortiGate (fayawoli ya kampuni ya Fortinet) kupitia kivinjari, NAT (kubadilisha anwani ya paketi iwe ya fayawoli yenyewe) inakuja imeshawashwa. Ile ya zamani ya kwenda makao makuu haikuwa na NAT. Ile ya zamani ilikuwa na antivirusi na kichujio cha wavuti, hii mpya haina chochote. Na juu ya hapo umemwambia mtumiaji afunge mfumo aingie upya, kwaiyo na sesheni yake (muunganisho ambao fayawoli inaufuatilia) ni mpya. Umebadilisha vitu vinne kwa mpigo alafu unasema umejua kipi kilikuwa kinazuia! Hujajua. Umejua tu kwamba mojawapo ya hivyo vinne kinahusika.

Hili la NAT naomba nikae nalo kidogo. Chukua kompyuta 10.20.5.14 iko Dodoma, seva 10.1.1.30 iko Dar. Paketi (kipande cha data) inatoka, inapita kwenye fayawoli, inafika kwenye seva salama kabisa. Seva inajibu, ila ruta ya kule haina njia ya kurudi kwenye mtandao wa 10.20.5.0, kwaiyo jibu linasukumwa kwenye njia ya intaneti na linapotelea hukohuko. Fayawoli yako haijazuia kitu. Sasa unaweka eni-eni yenye NAT, paketi inatoka imevaa anwani ya fayawoli yenyewe, ambayo ruta ya Dar inaijua, jibu linarudi, mfumo unafunguka, ofisi nzima inafurahi. Njia inayokosekana Dar bado inakosekana, umeifunika tu. Na kuanzia hapo kila mtumishi wa ofisi yako anaonekana kwenye logi (kumbukumbu za matukio) za seva kwa anwani moja. Siku muamala wa ajabu umepita na mkaguzi wa ndani anataka kujua umetoka kompyuta gani, utamwonyesha nini? Kuna mtu ataitwa kujieleza kwa jambo ambalo hakulifanya, na logi haitaweza kumtetea.

Haya, isipopita. Hapa kosa ni kudhani kwamba fayawoli inasoma orodha ya sheria kwa kila paketi. Haifanyi hivyo, na hizi za kufuatilia sesheni hazijawahi kufanya hivyo tangu FireWall-1 ya Check Point ya mwaka 1994. Paketi ya kwanza ya TCP (utaratibu ambao kompyuta mbili zinautumia kuunganishwa na kupeana data), ile SYN ya kuomba kuunganishwa, ndiyo inayopelekwa kwenye sheria. Ikikubaliwa, sesheni inaandikwa kwenye jedwali, na paketi zinazofuata zinalinganishwa na jedwali tu. Ikija paketi ambayo siyo SYN na kwenye jedwali haimo, inatupwa bila sheria yako kuulizwa. Unaweza kuweka eni-eni kumi zimepangana, haitasaidia.

Na kuna vitu vinaamuliwa hata kabla ya sheria. Fayawoli inajiuliza, huyu aliyeingia kwa poti hii (mlango wa kifaa unakochomekwa waya), njia ya kurudi kwake ipo kwa poti hiihii? Kama haipo, inatupa. Ofisi zenye laini mbili, faiba na ile ya antena ya juu ya paa, zinaumwa sana ugonjwa huu. Kwenye pfSense, aina nyingine ya fayawoli, unauona kwa sura nyingine, kwenye logi unakuta imezuia TCP:SA au TCP:A (paketi za kujibu, siyo za kuanza) kwa sheria ya kuzuia ya mwisho, wakati ruhusa umeiweka na iko pale juu inaonekana. Watu wanaapa kwamba kifaa kimeharibika. Hakijaharibika, SYN imepita njia nyingine na jibu limepita hapa.

Sasa nieleze kisa kilichozaa haya yote, maana ndani yake karibu kila kitu kimo. Ofisi moja hapa Dodoma, wahasibu wanatumia mfumo ambao programu iko kwenye kompyuta zao na hifadhidata iko Dar, kati yao kuna VPN (njia ya siri kupitia intaneti). Malalamiko ni yaleyale kila siku: asubuhi mfumo uko poa, wakirudi kula umeganda. Dada mmoja wa uhasibu alikuwa anapoteza vocha aliyoijaza nusu, kila siku, anaianza upya. Fundi wao akaweka eni-eni, akasema “dada, toka uingie upya”, mfumo ukakubali. Ripoti ikaandikwa: fayawoli ilikuwa inazuia, tumefungua. Kesho yake baada ya kula, umeganda tena. Ripoti ya pili: fayawoli haihusiki kwa kuwa kila kitu kiko wazi, tatizo ni mfumo. Waliotengeneza mfumo nao wakasema kwao kuko sawa, na dada wa watu bado anajaza vocha upya.

Ukweli ni huu. FortiGate, usipoigusa, inaifuta sesheni ya TCP iliyokaa kimya kwa sekunde 3600, yani saa moja. Programu ile inafungua muunganisho asubuhi na kuushikilia siku nzima. Wahasibu wakitoka kula saa saba kasoro dakika ishirini wakarudi saa nane kasoro kumi, ni dakika 70 za kimya. Unaweza kuiona kwa macho. Andika `diagnose sys session list` baada ya kuchuja kwa anwani ya kompyuta ile, utaona timeout=3600, na pembeni yake expire ikishuka, 2100, 1400, 300, kila ukirudia amri imepungua. Ikifika sifuri sesheni haipo tena. Fayawoli haimwambii mtu. Kompyuta inaamini bado imeunganishwa, seva nayo inaamini hivyohivyo. Dada anarudi, anabonyeza hifadhi, paketi inakuja bila SYN, jedwali halina kitu, inatupwa. Programu inarudia, inarudia, skrini imeganda. Akitoka na kuingia upya inaenda SYN mpya, sheria inaikubali, kazi inaendelea. Kwaiyo kilichotibu siku ile ni kule kutoka na kuingia, eni-eni haikufanya lolote.

Mtasema mbona kuna kipigo cha uhai cha TCP (keepalive, paketi ndogo ya kuonyesha muunganisho bado upo) kinachotakiwa kuzuia ukimya huo. Kipo, ila kwenye Windows na kwenye Linux, kisipoguswa, kinasubiri sekunde 7200 ndo kipige cha kwanza, na hicho nacho ni mpaka programu iwe imekiomba. Saa mbili dhidi ya saa moja, fayawoli inashinda kila siku.

Mbona fundi hakuliona kwenye logi? Mosi, alichuja zilizokataliwa tu. Sesheni iliyokufa kwa kimya haiandikwi kama imekataliwa, inaandikwa kama ilikubaliwa na ikaishia kwa timeout, ukichuja “deny” hutaiona mpaka kesho. Pili, saa. Dada amesema iliganda “saa nane kasoro kumi”, kifaa chao kilikuwa kimeachwa kwenye UTC (masaa matatu nyuma ya saa yetu), kwaiyo tukio limeandikwa 10:50. Fundi anatafuta 13:50 hamna kitu, na kuna mtu anatafuta hata 7:50. Wekeni saa ya Afrika Mashariki jamani, na NTP (huduma ya kurekebisha saa kupitia mtandao) iwe hai, hasa umeme ukikatika na kurudi, maana tarehe ikirudi nyuma vyeti vyote vinakuwa batili na hapo utafukuzana na tatizo jingine kabisa.

Dawa ilikuwa kupunguza kipigo cha uhai kwenye seva kiwe chini ya saa moja na kuongeza muda wa kimya kwenye fayawoli kwa poti ile peke yake (hapa poti ni namba ya huduma ya mfumo, siyo mlango wa waya). Hapa niseme wazi kwamba muda sahihi haujakaa vizuri kichwani mwangu mpaka leo. RFC 5382, waraka wa viwango vya intaneti, inataka kifaa cha NAT kisikate muunganisho wa TCP kabla ya saa 2 na dakika 4, watengenezaji wengi wanaweka pungufu, na sababu yao ipo: kifaa kidogo cha ofisi kina kumbukumbu ndogo, ukiacha kila sesheni ikae masaa, jedwali linajaa wakati wa mchana ofisi nzima ikiwa kwenye simu zao. Mi naongeza kwa poti moja, kwa seva moja, na siongezi kwa jumla. Mwenye hoja tofauti nitamsikiliza.

Basi tufanyeje badala ya eni-eni. Kwanza kitufe cha kutafuta sheria kwenye konsoli, kinakwambia paketi ya namna hii itaangukia sheria ipi, dakika moja imeisha. Pili, ichungulie paketi yenyewe: `diagnose sniffer packet any 'host 10.1.1.30' 4`. Hiyo 4 ya mwisho inakuonyesha jina la poti ya kifaa, na kama paketi inaingia au inatoka. Ukiiona imeingia kwa poti ya ndani na haijatoka kwenye VPN, imefia kwako. Ikiwa imetoka na jibu halirudi, acha kugusa sheria, piga simu Dar. Tatu, ikiwa imefia kwako, `diagnose debug flow` inataja sababu kwa maneno: “Denied by forward policy check” hiyo ndiyo sheria kweli, “reverse path check fail” ni njia, “no session matched” ni kile cha wahasibu. Hayo matatu yana tiba tatu tofauti kabisa, na eni-eni inagusa ya kwanza tu.

Angalizo moja linalowachanganya hata wazoefu: vifaa vyenye chipu ya kuharakisha, sesheni ikishakubaliwa inahamia kwenye chipu, na kuanzia hapo kichunguzi hakioni paketi zake. Unaona paketi chache za mwanzo alafu kimya, unadhani zimekufa. Zima uharakishaji kwenye sheria ile moja ukiwa unachunguza, ukimaliza washa.

Alafu kuna hili la eni-eni kubaki. Nafungua vifaa vya watu nakuta sheria ya kwanza inaitwa “temp” au “test”, kaunta yake imepanda mpaka basi, na sheria zote za chini yake, zile ambazo mtu alikaa akazipanga kwa akili, ziko sifuri. Mei 2017 WannaCry, programu hasidi ya kufunga mafaili ili ulipe, ilisambaa kwa poti 445 (ya kushirikiana mafaili ya Windows) kutoka kompyuta moja kwenda nyingine, na ofisi yenye eni-eni kati ya mtandao wa wageni na wa seva imeacha njia ya namna hiyohiyo wazi. Poti 3389 (ya kuendesha kompyuta kwa mbali) ikiwa wazi kutoka nje sitaki hata kuijadili.

Ukilazimika kabisa kufungua kwa majaribio, fungua kompyuta moja kwenda seva moja kwa poti moja, NAT iwe kama ilivyokuwa kwenye sheria ya zamani, profaili zilezile (antivirusi na kichujio cha wavuti), logi iandike sesheni zote, na ratiba iwe ya mara moja inayoisha leo jioni saa kumi na moja, ili hata ukisahau ijifunge yenyewe. Badilisha kitu kimoja, jaribu, rudisha, ndo ubadilishe kingine. Kwenye pfSense kumbuka kufuta sesheni za zamani za kompyuta ile kabla ya kila jaribio, la sivyo unapima sheria ya jana.

Na ukinipigia, nitakuuliza anwani ya chanzo, anwani ya seva, poti, na saa ilipoganda. Uwe nayo tayari tuokoe muda wa huyo anayesubiri kuhifadhi vocha yake.