Unaenda Ukraine? Kabla ya kuulizia tiketi angalia kwanza viza ya kurudia

Dada mmoja alikuja mezani kwangu na bahasha imejaa makaratasi, ana mwaliko wa mkutano Lviv, mji wa magharibi mwa Ukraine, ana viza ya Ukraine, ana viza ya Schengen, ile moja inayotumika kwa nchi nyingi za Ulaya, maana anapitia Poland, hoteli kashalipia, na kilichomleta kwetu ni bima tu, nimwandikie aondoke zake. Kazi yangu ni bima na usalama wa safari kwa watu wanaoenda sehemu ngumu, kwa hiyo kabla sijagusa kalamu nikamwomba pasipoti. Nikafungua ile stika ya Schengen nikamwonyesha kiboksi kidogo kinachosema unaruhusiwa kuingia mara ngapi. Kimeandikwa 01. Akaniambia, si sawa tu kaka? Mimi naingia mara moja.

Sasa hapo ndo penye shida. Ukitua Warsaw hiyo moja umeshaitumia. Ukivuka kuingia Ukraine umetoka Schengen, na siku ya kurudi ukifika mpaka wa Poland unaomba kuingia mara ya pili na stika ya 01, yule askari hana cha kukusaidia. Na usiseme basi nitaruka moja kwa moja kutoka Kyiv, anga ya Ukraine imefungwa kwa ndege za abiria toka tarehe 24 Februari 2022, siku ile vita kubwa ilipoanza, na mpaka naandika hapa hakuna ndege ya abiria inayotua Boryspil, uwanja mkuu wa ndege wa Kyiv. Kwa hiyo unabaki ndani ya nchi iliyo vitani, tiketi yako ya kurudi inakusubiri Warsaw, na wewe kufika Warsaw huwezi.

Ndo maana mteja akiniambia anaenda nchi yenye vita simuulizi anaingiaje, namuuliza anatokaje. Stika iwe 02 au MULT, yaani kuingia mara nyingi, na hiyo haiji yenyewe, unaiomba kwenye fomu na unaambatanisha ushahidi kwamba unapita tu kwenda Ukraine na utarudi kwa njia hiyo hiyo. Mpangilio wenye akili ni viza ya Ukraine kwanza, halafu unaipeleka kama kielelezo kwenye maombi ya Schengen. Ubalozi wa Ukraine upo Nairobi, Poland wana ubalozi Nairobi na Dar es Salaam. Ada ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90 toka Juni 2024, maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasipungue siku 15, lakini ukienda na hizo siku 15 umejitafutia presha mwenyewe.

Kuna watu wananijibu mbona 2022 wanafunzi wa Kiafrika walivuka bila viza. Ni kweli, ile ilikuwa dharura na nchi za jirani zilifungua mipaka, na hata hivyo tunakumbuka wenzetu walivyosukumwa nyuma ya foleni pale Shehyni, kwenye mpaka wa Ukraine na Poland, na kulala kwenye baridi mpaka Umoja wa Afrika ukatoa tamko tarehe 28 Februari. Usipange safari yako kwa kutegemea huruma ya siku ile. Tena Ulaya toka Oktoba 2025 wameanza mfumo wa kompyuta unaosajili kila anayeingia na kutoka, ukizidisha siku mashine inahesabu yenyewe, hakuna kuombana radhi.

Upande wa Ukraine wenyewe karatasi si nyingi sana. Pasipoti yenye muda wa kutosha, viza, bima ya matibabu inayokubalika kule, uthibitisho wa hela na sababu ya safari inayoeleweka. Nchi iko chini ya sheria ya kijeshi ambayo bunge lao linaiongezea muda kila siku 90, kwa hiyo maswali ya mpakani ni mengi, unamfahamu nani, unalala wapi, nani anakupokea. Jibu fupi na la kweli. Kama uliwahi kwenda Crimea, rasi ya Ukraine iliyotekwa na Urusi, kwa kupitia Urusi, kwa sheria yao uliingia nchini kwao kinyume cha utaratibu na unaweza kupigwa marufuku miaka 3, hili watu hawalijui kabisa.

Na kuna kundi moja naomba lisome hapa mara mbili. Tunao wazee wengi waliosoma Kyiv na Kharkiv enzi za Usovieti, wengine wakaoa huko, na leo kijana ana baba Mkenya au Mtanzania na mama wa Ukraine na pasipoti mbili mfukoni. Kijana huyo akiingia Ukraine, kwao yeye ni raia wa Ukraine basi, ile pasipoti nyingine haiangaliwi. Wanaume wa miaka 18 mpaka 60 kwa kawaida hawaruhusiwi kutoka, walilegeza Agosti 2025 kwa wale wa miaka 18 mpaka 22. Unaweza kuingia kumzika bibi yako ukashindwa kutoka.

Turudi kwenye bima maana ndo mkate wangu. Bima ya safari ya kawaida, hata ile nzuri yenye euro 30,000 inayotakiwa na Schengen, ukisoma kule nyuma kwenye maandishi madogo utakuta imetoa nje vita, uvamizi na uasi. Maana yake ukivunjika mguu kwenye ngazi za hoteli Krakow unalipwa, ukiumizwa na kipande cha droni Kyiv hulipwi. Kuna bima maalum za maeneo ya vita, ni ghali na zinahesabiwa kwa siku na kwa mji, Lviv si sawa na Kharkiv ambayo iko kama kilomita 30 na kitu kutoka mpaka wa Urusi na kombora linafika kabla hujamaliza kuvaa viatu. Muulize wakala wako maswali mawili tu, vita imo? na nikiumia nani ananitoa? Hili la pili linarudi kule kule kwenye stika, kwa sababu ndege hakuna, majeruhi anatolewa kwa gari au treni mpaka Poland ndo apande ndege, na akiwa na 01 hata akiwa kwenye machela kuna mtu itabidi akimbizane na makaratasi yake.

Njia inayotumika sana ni treni ya kutoka Przemyśl, mji mdogo wa Poland ulio kama kilomita 13 hivi toka mpakani. Reli za Ukraine ni pana, milimita 1520, za Ulaya ni 1435, kwa hiyo treni za kila upande zina mwisho wake na pale Przemyśl zile reli pana zinaingia mpaka stesheni. Wa Poland wanakukagua pale pale kabla ya kupanda, wa Ukraine ndani ya treni. Tiketi nunua kwenye programu ya shirika lao la reli, Ukrzaliznytsia, na uwahi, zinaisha haraka ajabu. Kuna njia nyingine ya Chełm, mji mwingine wa Poland, na ya Chisinau kule Moldova, lakini Moldova nayo ina masharti yake ya viza, usije ukafikiri ni kichochoro.

Ukishaingia kitu cha kwanza pakua programu ya king'ora inaitwa Air Alert, chagua mkoa uliopo, itapiga kelele hata simu ikiwa kimya ukishaipa ruhusa. Sauti ya Kiingereza humo ni ya mwigizaji wa Marekani Mark Hamill, usishangae saa nane za usiku ukaamshwa na Mmarekani anakwambia nenda handakini. Na uende kweli. Wenyeji wengine utawaona wanaendelea na kahawa yao, wao wamezoea na wanasoma kinachokuja ni nini na kinatokea wapi, wewe hujui kusoma hivyo. Kyiv watu wanashuka kwenye metro, stesheni ya Arsenalna iko mita 105 chini ya ardhi. Ukishindwa kufika, kaa sehemu ambayo kati yako na nje kuna kuta mbili, kawaida ni korido au bafu lisilo na dirisha, ukuta wa kwanza unabeba mshindo na wa pili unazuia vioo na vipande. Hotelini ukipewa ufunguo usiulize neno la siri la intaneti kwanza, uliza handaki liko wapi, kisha shuka ulione kwa macho yako ukihesabu ngazi, maana ukienda mara ya kwanza ni gizani.

Usiku kuna marufuku ya kutembea, Kyiv ni saa 6 usiku mpaka saa 11 alfajiri, mikoa mingine ina saa zake. Na picha jamani. Sisi tumezoea kupiga picha kila kitu na kurusha hapo hapo. Kule usipige kizuizi cha askari, gari la jeshi, mtambo wa umeme wala daraja, na kombora likitua usirushe video inayoonyesha limetua wapi, toka Machi 2022 kuna kifungu cha sheria ya jinai kuhusu kusambaza mahali yalipo majeshi na silaha, na utetezi wa "nilikuwa naweka status" haupo.

Umeme unakatika kwa ratiba kwa sababu mitambo imekuwa ikipigwa toka Oktoba 2022, kwa hiyo pawabenki kubwa, tochi ya kuvaa kichwani, na hela taslimu kidogo za hryvnia, ndo sarafu yao. Kwa mtu wa Tanga au Mombasa niongeze kwamba Januari bila umeme mara nyingi maana yake ni bila joto, na nje ni chini ya sifuri. Nguo za ndani za sufu ni lazima. Nje ya miji usikanyage nje ya lami hata kwa haja ndogo, eneo linalohofiwa kuwa na mabomu ya ardhini ni zaidi ya kilomita za mraba 130,000, na si kila mahali pana kibao chekundu chenye fuvu.

Afya, hakikisha pepopunda, surua na polio viko sawa. Ila ninachokisahau mara nyingi mwenyewe kuwaambia wateja ni malaria. Ukitoka huku na vimelea vyako, homa ikakushika Kyiv siku ya kumi, daktari wa kule atafikiria mafua, atafikiria nimonia. Mwambie wewe, natoka sehemu yenye malaria, nipime. Andika hilo kwa Kiukraine kwenye karatasi, ikae na kundi lako la damu na jina la dawa zako. Namba ya ambulansi ni 103.

Mwisho nyumbani. Tanzania haina ubalozi Kyiv, kwa hiyo mtu wa kwanza kujua umepotea ni ndugu yako, siyo serikali. Mwachie mtu mmoja, siyo kundi zima la ukoo, picha za pasipoti, viza zote, bima na anwani ya kila usiku. Kubalianeni saa, kwa mfano kila siku saa 3 usiku ya huku, wakati wa kiangazi saa zao ni sawa na zetu na wakati wa baridi wako nyuma saa moja. Na mkubaliane ukimya wa muda gani ni kawaida, kwa sababu umeme ukikatika mtandao unaenda nao, mama asije akaangusha msiba wakati wewe umekaa kwenye metro unakula biskuti.

Yule dada alirudisha pasipoti ubalozini, akaandika barua, akaomba upya, mkutano wa kwanza ukampita. Alipokuja tena hata hakukaa kwenye kiti, akafungua ukurasa akaniwekea kidole kwenye kiboksi. MULT. Nikatoa fomu ya bima.