Kizunguzungu baada ya Korona: yasemwayo na yaliyo kweli

"Hiyo ni presha, au damu imepungua." Wengi huambiwa hivyo wakishapona Korona, na wengine huanza kumeza vidonge vya kuongeza damu bila hata kupimwa. Vipimo vifanyike, sawa. Lakini chumba kikizunguka kila unapojigeuza kitandani au kutazama juu, kisha kikatulia ndani ya dakika moja, lishuku kwanza sikio la ndani. Humo mna chembechembe za chokaa zinazousaidia mwili kujua umekaaje. Zikibanduka zikaingia kwenye mojawapo ya mirija mitatu ya usawa, kila ukigeuza kichwa zinasukuma majimaji yaliyomo, na ubongo unadhani unazungushwa. Kulala kitandani muda mrefu ukiumwa kunaweza kuchangia.

Hakuna kidonge kinachozirudisha. Mtaalamu hukulaza chali kwa haraka, kichwa kimegeuzwa upande mmoja, huku akiangalia macho yanavyochezacheza. Akishajua ni sikio lipi, hukigeuza kichwa hatua kwa hatua mpaka chembe zirudi zilikotoka. Mbinu hii ya John Epley, daktari wa Marekani, huchukua dakika chache tu, na wengi hupata nafuu upesi. Inasikitisha mtu kuteseka miezi kwa kitu kama hicho.

"Tia matone sikioni." Hayafiki, ngoma ya sikio huyazuia.

"Lala, usitikise kichwa mpaka kiishe." Ushauri huu hutolewa kwa upendo, lakini unawachelewesha watu. Virusi vinaweza kuvimbisha neva ya usawa, na hapo mtu huona mzunguko mfululizo kwa siku kadhaa huku akitapika. Siku 2 au 3 za mwanzo apumzike na ameze dawa ya kutuliza. Zaidi ya hapo, dawa hiyohiyo huuzuia ubongo kuzoea hali mpya. Aanze kutembea, akaze macho kwenye kitu kimoja huku akigeuza kichwa kulia na kushoto. Kizunguzungu kidogo wakati wa mazoezi ni cha kawaida.

"Kila kizunguzungu cha Korona ni cha sikio." Hapana. Kikija ukisimama tu, moyo ukienda mbio, huenda tatizo ni mzunguko wa damu.

"Kitapita chenyewe." Sikio moja likiacha kusikia ghafla, nenda hospitali siku hiyohiyo, kwani tiba ikichelewa usikivu unaweza usirudi. Mdomo ukipinda, ulimi ukiwa mzito, ukiona vitu viwiliviwili au ukishindwa kabisa kusimama, huenda ni kiharusi: usisubiri hata saa moja.